Kidonda Kilitangulia Maabara: Njia ya Kromiamu Kutoka Urali Hadi Ndani ya Seli

Mwaka 1827, daktari William Cumin wa Glasgow, Uskochi, alichapisha katika jarida la madaktari la Edinburgh habari za watu waliokuwa wakitia nguo rangi viwandani. Kazi yao iliwalazimu kutumbukiza mikono katika maji ya dikromati ya potasiamu, chumvi ya rangi ya machungwa ambayo wakati ule ilikuwa bado ngeni sokoni. Ngozi yao iliota vipele, vipele vikapasuka, na vidonda vilivyofuata havikutambaa juujuu bali vilichimba kwenda chini. Cumin aliona kwamba chumvi ndiyo iliyoleta kidonda. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, wala hapakuwa na mwenzake popote duniani ambaye angemsaidia. Ilibaki miaka 42 kabla Friedrich Miescher hajachukua bandeji zenye usaha kutoka hospitali ya Tübingen, Ujerumani, na kutenga kutoka kwenye usaha huo kitu ambacho leo tunakiita DNA.

Tangu vidonda vile hadi siku wanasayansi walipoanza kueleza jinsi chumvi ileile inavyoharibu DNA, ilipita takribani karne moja na nusu. Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua, kuanzia machimbo ya dhahabu ya Urusi hadi maabara za Marekani, utakuta jambo moja linajirudia: mwili wa mfanyakazi ulitoa ushahidi kwanza, sayansi ikaja nyuma yake, na sheria ikafika mwisho, ikitweta.

Jiwe jekundu la Urali

Katika miaka ya 1760, Johann Gottlob Lehmann, mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Urusi, aliandika habari za jiwe jekundu lililopatikana kwenye machimbo ya dhahabu ya Berezovsky, katika milima ya Urali. Jiwe lilikuwa na risasi, kwa hiyo likaitwa risasi nyekundu ya Siberia. Wachoraji wa Ulaya walilitafuta kwa sababu likisagwa lilitoa rangi iliyokolea, lakini lilikuwa adimu na la bei kubwa, na hakuna aliyejua kwa hakika lina nini kingine ndani yake.

Mwaka 1797 sampuli za jiwe hilo zilikuwa mikononi mwa Louis-Nicolas Vauquelin, mkemia wa Paris aliyezaliwa katika familia ya watu wa shamba huko Normandy. Alilichemsha jiwe pamoja na kaboneti ya potasiamu. Risasi ikajitenga, na maji yakabaki ya manjano. Alipoyatia chumvi ya zebaki, maji yakatoa unga mwekundu. Alipoyatia chumvi ya risasi, unga wa manjano. Mwaka uliofuata alichoma oksidi ya kitu hicho pamoja na mkaa katika tanuri, akapata metali ngumu ya kijivu. Wenzake wakapendekeza iitwe kromiamu, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi. Vauquelin aliikuta pia, kwa kiasi kidogo, ndani ya zumaridi na yakuti nyekundu.

Rangi ndiyo iliyoifungulia kromiamu milango ya viwanda. Kromati ya risasi ikawa rangi ya manjano iliyopakwa kwenye magari ya farasi, kwenye kuta na kwenye vitambaa, na Vincent van Gogh aliitumia kuchora alizeti zake mjini Arles mwaka 1888. Mahitaji yalipopanda, jiwe adimu la Siberia halikutosha. Likatafutwa jiwe jingine, kromiti, ambalo ni jeusi na linapatikana kwa wingi. Isaac Tyson, mfanyabiashara wa Baltimore, Marekani, alilikuta karibu na mji wake, na kwa miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 sehemu kubwa ya kromiti iliyouzwa duniani ilitoka kwenye machimbo yake. Mwaka 1848 akiba nyingine kubwa iligunduliwa karibu na Bursa, Uturuki. Meli zikaanza kuipeleka Uingereza, na shehena nyingi zikaishia kando ya mto Clyde.

Shawfield

Huko Rutherglen, jirani na Glasgow, kulikuwa na kiwanda cha J. & J. White, mahali paitwapo Shawfield. Kuanzia mwaka 1830 kilitengeneza kromati, na baadaye kikawa kikubwa kuliko vingine vya aina yake Uingereza. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kromiti ilisagwa ikawa unga, ukachanganywa na chokaa na magadi, mchanganyiko ukachomwa katika tanuri huku mtu akiukoroga kwa chuma kirefu. Ulipopoa uliloweshwa maji, nayo maji yakatoka ya manjano yakiwa na kromati. Kromati ikitiwa asidi ya salfuriki iligeuka kuwa dikromati, na dikromati ndiyo iliyowekwa kwenye mapipa na kuuzwa kwa watia rangi, watengenezaji wa viberiti na baadaye viwanda vya ngozi. Mabaki yalitupwa popote palipokuwa na shimo.

Kila hatua ilikuwa na vumbi au mvuke wake. Vumbi liliingia puani na kutua kwenye ukuta mwembamba unaotenganisha matundu mawili. Hapo palianza kuwasha, pakatoka ukoko, ukoko ukibanduka ukaacha kidonda, na kidonda kikaendelea kula mpaka kikatokea upande wa pili. Mara nyingi hapakuwa na maumivu makali, hivyo mtu aliweza kuishi na pua iliyotoboka bila kujua. Kwenye mikono ilikuwa wazi zaidi. Karibu na kucha na juu ya vifundo vya vidole vilitokea vidonda vya duara, kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu, na katikati yake kuna shimo. Wafanyakazi waliviita matundu ya kromu. Mtaani wao wenyewe waliitwa wafu wa White.

Mwenye kiwanda mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa John Campbell White, ambaye mwaka 1893 alipewa cheo cha Lord Overtoun. Alikuwa mlokole mashuhuri, mtoa sadaka mkubwa, na mpinzani wa tramu za Glasgow kufanya kazi siku ya Jumapili. Mwaka 1899 Keir Hardie, mwanasiasa wa wafanyakazi na mhariri wa gazeti la Labour Leader, aliandika mfululizo wa makala kuhusu Shawfield. Alionyesha kwamba watu wa Overtoun walifanya kazi saa 12 kwa siku, siku 7 kwa wiki, Jumapili ikiwemo, bila muda rasmi wa kula, kwa ujira wa peni chache kwa saa. Makala hayo yakatolewa kama vijitabu, Uskochi ikachachamaa, na kiwanda kikalazimika kurekebisha baadhi ya masharti yake ya kazi.

Fedha za Overtoun zilifika mbali, mpaka kwenye ziwa letu. Alikuwa mfadhili mkuu wa misheni ya Livingstonia ya Kanisa Huru la Uskochi, na chuo kilichoanzishwa na Dakta Robert Laws mwaka 1894 kwenye uwanda wa Khondowe, juu ya Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, kilipewa jina la Overtoun Institution. Walisomeshwa hapo walimu, wachapaji na mafundi wa kila namna. Miongoni mwao alikuwa Clements Kadalie, ambaye mwaka 1919 alianzisha mjini Cape Town chama cha wafanyakazi kilichojulikana kwa kifupi kama ICU, kilichokuja kuwa na wanachama wengi kusini mwa Afrika. Kijana aliyesoma katika chuo chenye jina la mwenye Shawfield ndiye aliyekwenda kuwafundisha makuli wa bandarini kudai ujira wao. Historia ina namna yake ya kulipa madeni.

Miaka 9 kabla ya Hardie kuandika, kulitokea jambo ambalo halikupata kelele yoyote. David Newman, daktari wa Glasgow, alichapisha mwaka 1890 katika Glasgow Medical Journal habari za mgonjwa aliyekuwa akifanya kazi na rangi za kromu. Ukuta wa pua yake ulikuwa umetoboka. Hilo lilikuwa la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba ndani ya pua upande wa kushoto kulikuwa na saratani. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza inayojulikana katika maandishi ya udaktari iliyoweka kromu na saratani katika mwili mmoja. Lakini mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha kitu, na jarida likafunikwa.

Vifo vinahesabiwa

Saratani inayotokana na kazi huchelewa kujitokeza. Mtu huvuta vumbi akiwa na miaka 25 na kuugua akiwa na 50, pengine akiwa ameshaacha kazi na kuhamia mji mwingine. Ndiyo maana daktari wa mtaani huona mgonjwa mmoja mmoja, na mwajiri hujibu kila mara kwamba ni bahati mbaya. Ili ukweli utoke, lazima mtu akae chini na kuhesabu.

Ujerumani ilianza kuhesabu mapema. Daktari wa kiwanda aliyeitwa Pfeil alikutana na saratani za mapafu kwa wafanyakazi wa kromati mwaka 1911 na 1912, wakati saratani ya mapafu ilikuwa ugonjwa wa nadra. Wengine wakafuata, na mwaka 1936 Ujerumani ikaitambua saratani ya mapafu ya wafanyakazi wa kromati kuwa ugonjwa wa kazini unaostahili fidia.

Marekani ilichelewa kidogo, lakini hesabu yake ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 1948 Willard Machle na Frank Gregorius walichapisha uchunguzi wa viwanda vya kromati nchini humo. Zaidi ya kifo 1 katika kila vifo 5 vya wafanyakazi wale kilitokana na saratani ya njia ya hewa, kiwango kilichokuwa mara nyingi zaidi ya kile cha viwanda vingine. Miaka 2 baadaye Anna Baetjer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliingia kwenye kumbukumbu za hospitali za Baltimore, mji uleule wa Isaac Tyson, akalinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine. Wafanyakazi wa kromati walijaa upande mmoja wa jedwali lake. Baada ya hapo hapakuwa na mtu makini aliyeweza kusema ni bahati mbaya.

Swali lililobaki ni moja: kwa nini?

Metali moja, tabia mbili

Jibu lilikuwa limejificha katika historia ya viatu. Mwaka 1884, Augustus Schultz wa New York alipata hataza ya namna mpya ya kudabaghi ngozi. Inasemekana alianza kwa kutafuta ngozi ya kufunikia vyuma vya nguo za ndani za wanawake, ambavyo vilishika kutu kwa sababu ngozi ya siku zile ilitengenezwa kwa shabu. Schultz aliiloweka ngozi katika dikromati, kisha akaihamishia kwenye beseni la pili lenye kemikali iliyoibadilisha dikromati kuwa chumvi ya kijani. Ngozi ikatoka laini, imara na isiyooza majini. Kazi iliyochukua miezi kwa magome ya miti ikamalizika kwa saa au siku chache. Mpaka leo sehemu kubwa ya ngozi za viatu, mikoba na viti vya magari duniani hutengenezwa kwa kromu.

Kwenye beseni la kwanza wafanyakazi walipata matundu yaleyale ya Shawfield. Kwenye la pili hawakuyapata kwa kiwango hicho. Mwaka 1893 Martin Dennis alipata hataza ya kuuza ile chumvi ya kijani ikiwa tayari, hivyo beseni moja likatosha. Mafundi wa ngozi walikuwa wamegusa siri bila kuijua: kromiamu ina sura mbili kuu. Katika dikromati, wanakemia husema iko katika hali ya sita, yaani imepungukiwa elektroni 6. Katika chumvi ya kijani iko katika hali ya tatu. Kromiamu sita hutoboa pua. Kromiamu tatu ni mpole kwa kulinganisha, hata huuzwa kwenye vidonge vya lishe.

Lakini maabara zilipoingia kazini zilikuta mambo kinyume. Ukichukua DNA tupu katika bomba la majaribio na kuitia kromiamu sita peke yake, hakuna kinachotokea. Ukiitia kromiamu tatu, inashika DNA mara moja. Yaani ile iliyoua watu Shawfield haikuigusa DNA, na ile isiyowadhuru sana waliovaa viatu iliishika barabara. Kitendawili hicho kiliwasumbua wanakemia kwa miaka.

Ndani ya seli

Mwaka 1974 Venitt na Levy, watafiti wa Uingereza, walionyesha katika jarida la Nature kwamba kromati husababisha mabadiliko ya jeni katika bakteria. Hapo ndipo saratani ya Newman ilipopata mzizi katika DNA. Kilichobaki kilikuwa kueleza njia, na mtu aliyeifungua zaidi ya wengine alikuwa Karen Wetterhahn, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Hanover, Marekani.

Wetterhahn na wenzake walianza na umbo. Chembe ya kromati ina atomu 1 katikati, oksijeni 4 kuizunguka, na chaji 2 hasi. Salfeti, ambayo seli zetu huihitaji kila siku, ina umbo hilohilo na chaji hizohizo. Seli ina mlango wa kupitishia salfeti, na mlango huo hautofautishi. Kromati huingia kama mwizi aliyevaa sare ya wafanyakazi wa nyumba: bawabu anamfungulia mwenyewe. Kromiamu tatu haina sare hiyo, ndiyo maana nyingi hubaki nje.

Ikishaingia, kromati hukutana na vitu ambavyo seli huviweka kwa ajili ya kujilinda: vitamini C, glutathayoni na sisteini. Vitu hivyo humpa elektroni kila anayezihitaji, na kromati inazihitaji sana. Inapokea moja baada ya nyingine, inapita hali ya tano na ya nne, na kuishia hali ya tatu. Njiani huzaliwa chembe zenye vurugu ambazo hukata na kuunguza zilicho jirani nazo. Na kromiamu tatu iliyozaliwa hapo ndani haiwezi kutoka. Inashika fosfati zilizo kwenye uti wa DNA na guanini, mojawapo ya herufi 4 za DNA. Wakati mwingine inashika pia protini au chembe ya vitamini C, na kuibandika kwenye DNA mahali pasipo pake.

Kitendawili kikateguka. Kromiamu sita ni mbebaji, kromiamu tatu ni mharibifu, na seli yenyewe ndiyo inayomgeuza mmoja kuwa mwingine. Ndiyo maana DNA tupu kwenye bomba haikuonyesha kitu. Vitamini C nayo ina sura mbili: nje ya seli, tumboni na kwenye utando wa mapafu, huibadilisha kromati kabla haijaingia, hivyo hulinda; ndani ya seli, kazi ileile huwa chanzo cha madhara.

Badiliko hilohilo kutoka sita hadi tatu limeonekana pasipo na uhai kabisa. Mwaka 2011 kundi la wanasayansi, wakiwemo Letizia Monico na Koen Janssens, lilichunguza kwa eksirei rangi za manjano za enzi ya Van Gogh, ambazo katika baadhi ya michoro zimekuwa za kahawia. Walikuta kwamba mwanga umeisukuma kromiamu kutoka hali ya sita kwenda ya tatu. Kwenye turubai, matokeo ni alizeti iliyofifia.

Seli haikubali kuharibiwa bila kupambana. Ina vikosi vya protini vinavyopita kwenye DNA vikikagua na kurekebisha. Tatizo ni kwamba kromiamu iliyoshikamana huvichanganya. Vikosi hivyo hukata ili kurekebisha, vikashindwa, vikakata tena, na mwishowe nyuzi zote mbili za DNA huvunjika mahali pamoja. Seli nyingi zilizovunjika hivyo hufa. Chache hupona zikiwa na makosa katika maandishi yao. Kosa likiangukia kwenye jeni inayodhibiti kugawanyika kwa seli, baada ya miaka mingi huwa saratani ya Newman.

Kromiamu haiko peke yake katika kundi hili. Nikeli, kadimiamu na aseniki nazo zimethibitishwa kusababisha saratani, ingawa huharibu zaidi kwa kuvilemaza vile vikosi vya urekebishaji kuliko kwa kuishika DNA yenyewe. Na binadamu amejifunza kulitumia dhara hili kwa makusudi. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan aliona kwamba kiwanja cha platini kilichotoka kwenye elektrodi zake kiliwazuia bakteria kugawanyika. Kiwanja hicho, sisplatini, kikaidhinishwa kuwa dawa nchini Marekani mwaka 1978. Kinashika guanini na kuifunga DNA ya seli za saratani. Leo ni miongoni mwa dawa za kawaida za saratani ya mlango wa kizazi, ikiwemo katika hospitali za Afrika Mashariki.

Wetterhahn, aliyeifungua njia ya kromati, mwenyewe hakuishi hadi uzeeni. Tarehe 14 Agosti 1996, akiwa katika maabara yake akichunguza jinsi zebaki inavyozigusa protini za kurekebisha DNA, matone machache ya dimethilizebaki yalimdondokea kwenye glavu ya mpira. Dimethilizebaki si chumvi bali ni kiwanja kinachoyeyuka kwenye mafuta ya mwili, na alikitumia kupimia mitambo yake. Glavu ilikuwa ndiyo kinga iliyokubalika wakati ule. Baadaye ilithibitika kwamba kimiminika hicho hupenya glavu ya aina ile kwa sekunde chache. Januari 1997 akaanza kupoteza mizani na usemi. Alifariki tarehe 8 Juni 1997 akiwa na miaka 48. Kifo chake kilibadili kanuni za glavu katika maabara nyingi, na kwa mara nyingine mwili wa mfanyakazi, safari hii profesa, ukawa ushahidi uliotangulia kanuni.

Sheria inafika

Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka chumvi za kromiamu sita katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Ilikuwa miaka 100 kamili tangu taarifa ya Newman.

Marekani ilikuwa na kikomo cha hewa ya kazini cha mikrogramu 52 za kromiamu sita kwa kila mita ya ujazo, kilichotokana na pendekezo la mwaka 1943 lililolenga kulinda pua na ngozi. Kiliendelea kutumika hata baada ya saratani kujulikana. Ilibidi mashirika ya kiraia na mahakama kuingilia ndipo, Februari 2006, kikashushwa hadi mikrogramu 5. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, na muda uliopita tangu hesabu ya Machle na Gregorius ni miaka 58.

Shawfield ilifungwa mwaka 1967, lakini mabaki yake hayakufungwa. Yalikuwa yamefukiwa chini ya viwanja, mitaa na kingo za vijito upande wa kusini-mashariki wa Glasgow, na kromiamu sita imeendelea kuchuruzika kutoka humo. Mwaka 2019 maji ya kijito cha Polmadie yaligeuka rangi ya kijani ya kung'aa mbele ya macho ya wakazi. Kazi ya kusafisha imekuwa ikifanywa kwa fedha za umma. Waliochuma walishaondoka.

Zamu yetu

Kromiamu nyingi ya leo haitoki Urali wala Baltimore. Mzalishaji mkubwa duniani ni Afrika Kusini, na Zimbabwe nayo ina akiba kubwa. Bidhaa zake ziko kwetu kila mahali, na hatari haimo kwenye sufuria inayong'aa jikoni wala kwenye kiatu cha ngozi mguuni. Hatari iko pale metali inapochomwa, inaposagwa au inapogeuzwa moshi.

Mtazame fundi wa jua kali anayechomelea geti la stenlesi kando ya barabara. Chuma kile kina kromiamu isiyodhuru ikiwa imetulia. Joto la elektrodi likiigusa, sehemu yake hupaa kwenye moshi ikiwa katika hali ya sita, na fundi ameinamia moshi huo akiwa na miwani myeusi tu, wakati mwingine ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Mwaka 2017 moshi wa kuchomelea nao uliwekwa katika kundi lilelile la kwanza. Miwani hulinda macho, haichuji hewa.

Itazame pia nguzo ya umeme yenye rangi ya kijani hafifu. Nguzo nyingi za mbao hutibiwa dhidi ya mchwa kwa mchanganyiko wa chumvi za kromiamu, shaba na aseniki, dawa iliyobuniwa India mwaka 1933 na Sonti Kamesan. Ikiwa imesimama, nguzo haina neno. Ikianguka na kugeuzwa kuni za mama lishe au mkaa, aseniki na kromiamu huingia kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu hayo kwetu hayatupwi ovyo: hutumika kusugulia sufuria na humwagwa bustanini. Masalia ya ngozi iliyotiwa kromu nayo yasichomwe, kwa sababu moto unaweza kuirudisha kromiamu tatu kwenye sita.

Hatuna udhuru waliokuwa nao watu wa 1827. Tunajua mlango ambao chumvi hii inaingilia na inachofanya ikishaingia. Mwenye karakana, toa kazi nje au weka feni inayovuta moshi mbali na uso wa fundi, na mnunulie barakoa yenye kichujio cha moshi wa metali. Mwenye kiwanda cha ngozi, usiyaachie maji machafu mtoni wala usichome masalia. Msimamizi wa nguzo zilizong'olewa, usizigawe kuwa kuni. Nawe fundi, ukiona pua inatoka damu au ukoko mara kwa mara, au kidonda kidogo cha duara kidoleni kisichopona, usikipake dawa ukasahau. Nenda hospitali, na umwambie daktari kazi unayofanya.